Msimu Niliomchagulia Pacha

Kazi yangu ni kuwapeleka watu mahali ambapo mimi mwenyewe sijafika. Miaka ishirini na sita nimekaa dawati la pili kutoka mlangoni, ofisi ya wakala wa safari, kati ya mashine ya kuchapa tiketi ambayo haichapi tena na ramani ya dunia iliyopauka upande wa dirishani. Naweza kukwambia uwanja gani wa ndege una viti vya kuvunja mgongo, hoteli gani ina lifti inayosukumwa kwa dua, na meli gani wanakoroga chai kama saruji. Wateja wanadhani nimezunguka dunia nzima. Sijawahi kuwakatalia.

Sasa Jumanne moja, saa nne asubuhi, nimetoka kumeza kipande cha mkate, mlango ukafunguliwa akaingia Pacha.

Pacha si ndugu yangu wa damu. Tulikutana siku ya kwanza ya stashahada ya utalii tukiwa tumevaa gauni moja. Namaanisha kila mtu na lake, lakini kitambaa kilekile, mshono uleule, mpaka vifungo. Mwalimu akatuangalia, akauliza kama mama yetu hajambo. Darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo mimi namwita Pacha na yeye ananiita Pacha, na watoto wetu walikua wakidhani ndiyo majina tuliyopewa na wazazi.

Kwenye ukuta wa darasa lile kulikuwa na picha kubwa ya meli nyeupe, imesimama kwenye maji yaliyoingia kati ya milima ya theluji, na juu yake anga la kijani, kama mtu amemwaga rangi akakimbia. Kaskazini ya mbali kabisa. Tulipokuwa tunachoka na somo la nauli tulikuwa tunaiangalia ile picha. "Siku moja," Pacha alikuwa akininong'oneza. "Mimi na wewe." Na mimi nilikuwa najibu, "Mimi na wewe, na makoti manne kila mtu."

Yeye aliacha hii kazi mapema. Siku hizi ni fundi wa mapazia, karakana yake iko mitaa miwili nyuma ya ofisi yetu. Ukiona dirisha la benki au la ukumbi wa harusi limevaa vizuri kuliko bibi harusi, ujue ni mkono wake.

Basi, Jumanne ile hakuingia peke yake.

"Pacha!" akasema, uso umemng'aa. "Huyu ndiye Daktari niliyekwambia."

Kuniambia alikuwa ameniambia, tena mpaka masikio yakachoka. Daktari amesema nipunguze sukari. Daktari na mimi tumeanza kuogelea Jumamosi. Daktari ana kitabu kizuri ajabu. Daktari wa meno, mwanamke mwembamba, nywele fupi, viatu vya kamba, msafi kama sahani iliyotoka dukani. Akanipa mkono. Nikacheka mdomo ukiwa umefungwa, maana sikutaka ahesabu meno yaliyotoboka.

"Karibuni, karibuni wageni wangu. Tuwapeleke wapi?"

"Kule," Pacha akasema.

"Kule wapi, mama? Dunia hii ina kule nyingi."

"Kule, Pacha! Kwenye picha!" Akapiga meza yangu kwa viganja vyote viwili. "Ile safari ndefu ya meli, ya kaskazini. Mimi na Daktari. Nikamwambia hatuhangaiki na mtandao, mimi nina mtu wangu. Atatuchagulia njia, atatuchagulia msimu, kila kitu."

Mimi ndiye mtu wake. Yaani mtu wake wa kuandika tiketi.

Kuna donge linakaa hapa, chini ya koo, juu kidogo ya kifua. Wengine wanaliita gesi. Lilipanda likakaa pale, nikajikaza kisabuni, nikavuta kibodi.

"Hongereni," nikasema. "Mmefanya vizuri sana."

"Tuna maswali machache tu," Daktari akasema, na akatoa daftari. Daftari! Lenye mistari, na kalamu yake imefungwa kwa uzi.

Hapa niseme ukweli wa kazi, ili ujue nilichofanya nilikifanya macho makavu. Safari ile ni siku kumi na mbili. Meli inapanda na pwani siku sita na ushei, inagusa bandari ndogondogo thelathini na zaidi, inafika juu kabisa, halafu inageuka na kurudi kwa njia ileile. Mtu asiyejua anasema, kwa nini nirudie njia? Nunua nusu, shuka, panda ndege. Lakini zile bandari ambazo wakati wa kupanda unazipita umelala, wakati wa kurudi unazipita mchana. Nusu ya safari ni nusu ya macho. Huo ndio ufundi wake.

Na msimu. Juni jua halizami, utaona milima mpaka uchoke, lakini zile taa za angani, ule ukijani wa pichani, huzioni, anga jeupe usiku na mchana. Septemba si mbaya. Machi ndiyo yenyewe: theluji bado iko milimani, mchana na usiku vinalingana, anga mara nyingi limetakata, taa unaziona na jua unaliota. Halafu kuna mwisho wa Novemba. Wakati huo kule juu jua halichomozi kabisa, inakuwepo tu tetesi yake saa sita mchana, halafu basi. Mawingu, upepo, na bahari inayomrusha mtu kitandani kama chapati.

Wateja wengine nawauliza: unataka kuona nini, na huwezi kuvumilia nini? Pacha sikuhitaji kumwuliza. Siku ya ziara ya chuo, kwenye kivuko cha dakika arobaini, alitapika ndani ya kofia ya mhadhiri. Na mwaka aliofiwa na mumewe alilala na taa inawaka miezi minane. Aliniambia mimi peke yangu. Giza, alisema, linamkalia kifuani.

Kwa hiyo jibu la Pacha lilikuwa Machi, kwenda na kurudi, chumba cha dirisha katikati ya meli ambapo haiyumbi sana. Hata mashine ya tiketi iliyokufa ingelijua hilo.

Nikafungua mdomo wangu, nikasema, "Novemba."

"Novemba?" Daktari akaandika.

"Mwisho wa Novemba. Mnataka taa za angani, si ndiyo? Taa zinataka giza. Novemba usiku ni mrefu, nafasi ya kuziona ni kubwa." Hakuna neno la uongo hapo. Ukinisimamisha mahakamani natoka nimenyoosha mabega.

"Na njia?" Pacha akauliza.

"Chukueni nusu, ya kwenda tu. Kurudi ni palepale, mtachoka."

"Na chumba?"

"Kuna kizuri pale mbele kabisa," nikasema. Mbele kabisa ndiko meli inakopiga mawimbi kwa paji la uso.

Daktari alinyanyua macho kwenye daftari lake. "Hakuna shida ya bahari kuchafuka wakati huo?"

Kabla sijajibu, Pacha akamshika mkono. Mkono! "Daktari, huyu usimwulize maswali ya hivyo. Akisema Novemba, ni Novemba. Angenipeleka motoni, ningeuliza tu nivae nini."

Wakacheka wote wawili. Nikacheka na mimi, mdomo wazi safari hii, meno yote nje. Nikashikilia nafasi mbili mpaka Ijumaa saa sita mchana, maana ndivyo mfumo unavyoruhusu. Baada ya hapo uthibitishe au uachie. Walipotoka nikawaona kupitia kioo, wanavuka barabara, Daktari anaangalia kulia, Pacha anaangalia kushoto, kama watu waliozoea kugawana barabara.

Jioni nikamsimulia mume wangu, mwalimu wa hesabu, mtu ambaye hata chumvi anaongeza kwa hatua. Nilimsimulia kama kichekesho. Daftari, kalamu ya uzi, viatu vya kamba.

"Una wivu," akasema.

"Mimi? Wivu wa nini? Na mtu mzima mwenye mkufu wa miwani?"

"Umemtaja mara kumi na moja. Nimehesabu."

"Ulikuwa unahesabu badala ya kunisikiliza?"

"Vyote viwili vinawezekana," akasema, akajiongezea mchuzi.

Sikumwambia habari ya Novemba. Unajua jambo ni baya pale unapomficha mume kitu hata kabla hajauliza.

Jumatano Pacha akanipigia simu. "Pacha, wewe kifua inchi ngapi siku hizi?" Nikajisemea, ananishonea koti! Nikamtajia, nikapunguza inchi mbili za heshima. "Ahaa," akasema, "basi Daktari ni nusu yako. Nilitaka kulinganisha tu, nakata makoti yetu mawili na nimesahau kumpima. Nimepata kitambaa kizito cha mapazia ya ukumbi wa sinema, hakipitishi upepo!"

Nikaweka simu chini. Nikamwambia meneja wangu kichwa kinauma. Akanipa kidonge, lakini hakuna kidonge kinachofika pale donge linapokaa. Nikakaa naangalia zile nafasi mbili kwenye kompyuta, mstari wa njano, na nikawa naona raha. Niseme ukweli. Nilikuwa nawaona wamelala chali kwenye chumba cha mbele, koti la sinema na yote, Daktari kijani kuliko anga, na Pacha anasema, ningekuja na Pacha wangu haya yasingetokea. Nilikaa na ile picha muda mrefu, nikaiongezea hata ndoo.

Alhamisi wakati wa chakula cha mchana Daktari akaja peke yake.

"Sina miadi," akasema. Nani anaomba miadi kwa wakala wa tiketi? Akakaa kwenye ncha ya kiti. "Samahani dada, sijui nianzeje. Mwenzangu amenikataza kukuuliza. Anasema nitakuvunjia heshima. Kwa hiyo nimekuja kimyakimya."

"Uliza tu, Daktari. Hapa si kama kwako, hakuna anayelia."

Akatabasamu kidogo. Akafungua lile daftari. "Nimesoma kwamba wakati huo kule juu jua halichomozi. Siku nzima. Ni kweli?"

Nikajifanya natafuta kitu kwenye droo.

"Mimi binafsi sijali," akaendelea. "Lakini yeye giza linamsumbua. Unalijua hilo kuliko mimi. Aliniambia habari ya kulala na taa, ule mwaka. Ndiyo maana nikasema labda kuna jambo wewe unalijua na mimi silijui. Labda meli ina mwanga wa kutosha, au mnaelewana naye jambo fulani."

Amemwambia. Kumbe amemwambia! Kile kitu kimoja nilichokuwa nimekiweka mfukoni miaka sita, nikikishika kila mara ninapotaka kujua kama bado mimi ndiye mimi, na huyu naye anacho, kwenye daftari labda, ukurasa na tarehe. Nilitamani kumrushia kikokotoo.

Halafu nikasikia alichokuwa anasema. Huyu mwanamke alikuwa amekula nusu ya muda wake wa chakula kuja kumlinda Pacha. Dhidi yangu. Na alikuwa ananiachia mlango wazi wa kutokea. Ningesema tu, "Lo, mfumo ulikosea," nibadilishe mstari wa njano kuwa mwingine wa njano, aende zake, Pacha asijue kamwe. Nilimwona anangoja niseme hivyo. Hata alikuwa ameshaniandalia uso wa kunisamehe.

Hilo ndilo lililonishinda. Kusamehewa na yeye, halafu sisi wawili tuwe na siri yetu juu ya Pacha.

"Daktari," nikasema, "nimekosea, na si mfumo. Nenda kazini kwako. Mimi naenda kumwambia mwenyewe."

Aliniangalia kidogo, vile wanavyoangalia jino wanapojua kabisa linang'oka. Akafunga daftari. "Nitakuja saa tisa," akasema. "Nitawaacha muongee kwanza."

Karakana ya Pacha ni chumba kirefu, meza moja ya kukatia kutoka mwanzo mpaka mwisho, na mapazia yametundikwa pande zote mpaka hujui dirisha la kweli ni lipi. Nilimkuta amepiga magoti mezani, mkasi mkononi, pini tano mdomoni. Kitambaa cha sinema, chekundu cha damu ya mzee, kimetanda chini yake.

"Toa pini," nikamwambia. "Usije ukazimeza."

Akazitoa moja moja. Nikamwambia yote, nimesimama, mkoba begani kama mtu wa kudai kodi. Novemba, jua, chumba cha mbele, nusu ya safari. Nilitaka kuweka utani katikati, nikauona umekauka mdomoni, nikauacha.

Pacha akaweka mkasi chini. Akakunja kitambaa. Akakikunjua. Akakikunja tena.

"Giza," akasema mwisho. "Wewe. Ulinichagulia giza."

"Ndiyo."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu tulisema mimi na wewe."

Akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, kifupi, kama kitambaa kinachopasuliwa. "Tulisema! Mimi nilisema. Wewe ulitania. Nilikuomba mara nne, Pacha. Unataka nikuhesabie? Mwanangu alipomaliza shule nikakwambia twende. Ukasema tukipanda wawili meli itazama kwa umbea. Mara ya pili ukasema magoti yako hayana viza. Mara ya tatu nikakuletea tarehe nimeziandika kwenye karatasi. Ukaandikia orodha ya sokoni nyuma yake."

"Sikujua kama ilikuwa..."

"Mara ya nne nilikuwa nimefiwa. Nilikaa kwenye kiti chako kile cha wateja nikakwambia, nipeleke mahali. Popote. Unakumbuka ulijibu nini? Ukasema kule baridi inagandisha machozi, nitalia vipande vya barafu, tuvitie kwenye soda. Nikacheka. Siku ile nilicheka kweli, wewe unajua kuchekesha. Halafu nikarudi nyumbani peke yangu."

Mashine ya kushonea ya msaidizi wake wa chumba cha jirani ilikuwa inaunguruma nyuma ya ukuta. Nikaisikiliza kama ina la kunitetea.

"Naogopa kupanda ndege," nikasema.

"Nini?"

"Ndege. Kufika kwenye ile meli lazima upande ndege tatu. Sijawahi kupanda hata moja. Nikiziona tu kwenye skrini viganja vinalowa. Miaka ishirini na sita, Pacha. Nani atanunua tiketi kwa mtu wa hivyo?"

Akaniangalia kama dirisha alilopewa vipimo vya uongo.

"Ungesema," akasema. "Ningekushika mkono njia nzima. Ungetapika kwenye kofia yangu."

Hapo ndipo nilipolia kidogo, nikajifutia pazia la watu. Akaninyang'anya lile pazia. Ni la mteja, akasema.

Nikangoja. Niseme kilichokuwa moyoni: nilikuwa nangoja aseme basi, twende watatu. Vyumba vya watatu vipo, ninavijua kwa namba. Nilimtazama mdomo. Akarudisha pini kwenye kisanduku, moja moja, zote tano.

"Safari hii ni yangu na Daktari," akasema. "Alinijibu ndiyo mara ya kwanza nilipomwuliza. Siwezi kumpa mtu nusu ya ndiyo yake."

"Sawa."

"Inauma?"

"Sana."

"Vizuri," akasema. Lakini akanivutia kigoda.

Saa tisa kamili Daktari akagonga. Aliingia akatuangalia macho, wa kwanza, wa pili, kama anahesabu waliopona, akakaa bila kuuliza. Akatoa daftari.

"Haya," Pacha akaniambia, hanitazami, ananyoosha kitambaa kwa kiganja. "Tupangie upya. Safari nzima, siku kwa siku. Usifupishe na usitanie."

Nikaanza. Machi, kwenda na kurudi. Chumba cha katikati, ubavu wa kulia, kwa sababu meli ikipanda, pwani inakaa upande huo. Siku ya kwanza mnaondoka jioni, msilale mapema, mji unaonekana mzuri ukiwa nyuma. Siku ya pili maji yanaingia kati ya milima mpaka unadhani meli imepotea njia. Siku ya nne asubuhi mnavuka ule mstari wa ramani unaofungua kaskazini ya mbali, wahudumu wanawamwagia barafu shingoni, Pacha wewe utapiga kelele. Siku ya tano, usiku mkisikia kengele ya kutangaza taa za angani tokeni mlivyo, msitafute viatu vya kupendeza. Siku ya saba mnafika mwisho, nchi imeisha, bandari ya mashua chache na mbwa wengi, na hapo meli inageuka. Daktari alikuwa anaandika haraka mpaka uzi wa kalamu ulikuwa unarukaruka. Pacha aliacha kunyoosha kitambaa. Nilikuwa naiona safari nzima, kila mwamba, kama mtu aliyefika, na kila mwamba niliomkabidhi yule mwanamke ulinikwaruza ukitoka.

"Siku ya tisa," nikasema, "mnapita visiwa vya—"

"Umeruka ya nane," Pacha akasema.

Niliiruka kwa makusudi. Siku ya nane, wakati wa kurudi, ndiyo meli inapita mahali palepale picha ya darasani ilipopigwa. Nilipatafuta zamani kwenye ramani, nikapajua mpaka saa. Sijawahi kumwambia mtu.

"Pacha," akasema, na sasa aliniangalia. "Ya nane kuna nini?"

Daktari aligeuza ukurasa mpya, akangoja. Nikamwambia Pacha akae upande wa kushoto, juu, kuanzia saa kumi na moja jioni, na nikaanza kumweleza jinsi ya kupatambua.